Uaminifu kwa Nani? Riwaya, Skrini na Uzembe wa Uhakiki

Imekuwa ada katika idara za fasihi kwamba kila riwaya inayopendwa inapogeuzwa filamu, mhakiki hutoka ukumbini na orodha mkononi. Katika orodha hiyo mna sura iliyorukwa, mhusika aliyeunganishwa na mwenziwe, mandhari yaliyohamishwa, mwisho uliogeuzwa. Akishayahesabu mapungufu hayo hutoa hukumu ambayo, aghalabu, ilikuwa imeandikwa hata kabla taa hazijazimwa: filamu imeisaliti riwaya. Makala hutungwa, semina hufanywa, mwanafunzi wa uzamili hushauriwa aongeze jedwali la safu mbili, moja ya riwaya na moja ya filamu, na jambo huchukuliwa kuwa limekwisha.

Uhakiki wa aina hiyo ni ukaguzi wa ghala. Karani wa bohari huufanya vizuri zaidi, wala hadai kuitwa msomi kwa ajili yake.

Yafaa msamiati wenyewe uangaliwe kwanza. Uaminifu, usaliti, unajisi, kuvunja ahadi: haya ni maneno ya ndoa na ya baraza la kadhi. Yanaifanya riwaya kuwa mwenye haki na filamu kuwa mshtakiwa aliyekwisha kula kiapo. Ni nani aliyekula kiapo hicho, na mbele ya nani? Mwandishi aliyeuza haki za kitabu chake amepokea malipo, mwelekezi amepokea kisa, mtazamaji amelipa kiingilio. Hapana hata mmoja kati ya watatu hao aliyeahidi kwamba kurasa mia tatu zitaingia katika dakika tisini bila ya kupungua.

Wala suala hili si geni. Mwaka 1957 George Bluestone, katika kitabu chake Novels into Film, alikwisha kuonyesha kwamba riwaya na filamu ni sanaa mbili zenye mali ghafi mbalimbali, na kwamba mwenye kuipima moja kwa vipawa vya nyingine anajisumbua bure. Mwaka 2006 Linda Hutcheon, katika A Theory of Adaptation, aliutetea mtazamo kwamba kuja baadaye hakuifanyi kazi ya sanaa kuwa duni. Vitabu hivi hutajwa katika sura ya pili ya tasnifu, sehemu ya mapitio ya maandishi, kisha katika sura ya nne mtahiniwa hurejelea jedwali lake la safu mbili kana kwamba hakuvisoma. Kwa nini basi kigezo kilichokwisha kupingwa kwa zaidi ya nusu karne kinaendelea kutawala?

Jibu lina aibu ndani yake. Kigezo cha uaminifu hakimdai mhakiki ajue lolote kuhusu filamu. Hahitaji kujua kamera iliwekwa wapi, kwa nini picha ilikatwa pale ilipokatwa, sauti inayosikika bila ya msemaji kuonekana inafanya kazi gani, wala kwa nini uso wa mhusika umeachwa ukitazamwa kwa muda mrefu bila ya neno. Anahitaji kitabu tu, na kitabu anacho tayari. Pengine amekifundisha kwa miaka kumi. Kwa hiyo anayejidai kuitetea riwaya huwa, mara nyingi, anautetea mhadhara wake wa zamani.

Kama uaminifu ndio kipimo, ushahidi wake bora hautafutwi Cannes wala Toronto. Unapatikana katika kumbi za kulia chakula za shule za upili za Kenya. Huko, kwa miaka mingi sasa, vikundi vya waigizaji vimezunguka kutoka shule hadi shule vikiigiza vitabu teule vya mtihani, na maigizo ya namna hiyo yamerekodiwa na kuuzwa kwa kanda, kisha kwa diski, kisha yakaenea katika mtandao. Riwaya iliyowekwa katika orodha ya kutahiniwa, iwe ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei au Nguu za Jadi ya Clara Momanyi iliyoifuata, haikai muda mrefu kabla ya kupata onyesho lake. Na katika maonyesho ya aina hii uaminifu hufikia ukamilifu. Kila mhusika yupo. Kila tukio lipo. Maudhui hutamkwa kwa majina yake ili mtahiniwa ayasikie na ayaandike. Mhusika mbaya hujitambulisha kwa sifa zile zile ambazo mtahini atazitaka, na kwa mpangilio ule ule.

Lakini ni nini kilichobaki cha riwaya? Chozi la Heri inaanza na Ridhaa akiwa katika mabaki ya nyumba yake, na masimulizi yanarudi nyuma kwa njia ya kumbukumbu, vipande kwa vipande, huku msomaji akilazimika kuyaunganisha mwenyewe. Kurudi nyuma huko si pambo la mtindo. Ndiko kunakobeba maana: mtu aliyefukuzwa katika ardhi yake na kupoteza jamaa zake kwa moto hana kesho ya kusimulia, ana jana tu, na jana yenyewe humjia bila ya mpango. Onyesho linaloyapanga matukio hayo kuanzia la kwanza hadi la mwisho ili yakaririke kwa urahisi halipotezi hata tukio moja, na bado linaiacha riwaya nje ya lango. Mwanafunzi huondoka akiwa na kisa kizima. Anaweza kukisimulia, anaweza kukijibia maswali, anaweza hata kupata alama ya juu. Alichokosa ni kule kusitasita kwa akili ya Ridhaa, ambako hakuigiziki kwa mtu kutoka upande wa kushoto wa jukwaa na kusema kwamba anasikitika.

Walimu wanaoyaalika maonyesho hayo hawastahili lawama kubwa. Madarasa yamefurika, nakala za vitabu hazitoshi, na mtihani haumngoji mtu. Lawama ni ya idara zilizowafunza walimu hao kwamba riwaya ni jumla ya maudhui, wahusika, mandhari na tamathali, kila kimoja katika kisanduku chake. Aliyefunzwa hivyo akiona onyesho lenye visanduku vyote vinne atasema kwamba limekuwa aminifu, na kwa mujibu wa mafunzo yake atakuwa amesema kweli. Kwa maneno mengine, mhakiki wa chuo kikuu anayelia kwamba vijana hawasomi tena ila hutazama tu, analia juu ya shamba alilolipanda kwa mkono wake.

Mfano wa pili unatoka Senegal, na unafaa kwa sababu ndani yake mlalamikaji na mshtakiwa ni mtu mmoja. Ousmane Sembène alikuwa amekwisha kujijengea jina kama mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa alipokwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza utengenezaji wa filamu. Sababu yake inajulikana: watu aliokuwa akiwaandikia, yaani wachukuzi, wafanyakazi wa reli, wanawake wa sokoni, hawakuweza kumsoma. Mwaka 1973 alichapisha Xala, riwaya fupi kuhusu El Hadji Abdou Kader Beye, mfanyabiashara anayeoa mke wa tatu na kujikuta amepoteza nguvu za kiume usiku wa harusi. Mwaka 1975 aliigeuza filamu yeye mwenyewe. Basi na ichukuliwe orodha ya karani, ionekane itasema nini.

Filamu inafunguka kwa tukio ambalo riwaya haikulipa nafasi kama hiyo. Waafrika wanaingia katika Chama cha Wafanyabiashara, wanawatoa Wazungu pamoja na sanamu zao, na umati unashangilia uhuru. Punde Wazungu wanarudi na mikoba; mikoba inafunguliwa; imejaa fedha. Kwa dakika chache na karibu bila ya neno, Sembène amesema jambo ambalo katika kitabu lilihitaji maelezo ya msimulizi. Huu ni usaliti? Na kama ni usaliti, nani kamsaliti nani?

Zaidi ya hayo kuna suala la lugha. Rama, binti yake El Hadji, ni msomi wa chuo kikuu anayekataa Kifaransa. Baba yake humsemesha kwa Kifaransa naye humjibu kwa Kiwolofu, na baba hukasirika. Katika riwaya mgogoro huo huelezwa tu. Msimulizi husema kwamba Rama ametumia Kiwolofu, lakini jicho la msomaji linabaki juu ya Kifaransa kile kile, na ubishi wa binti huishia kuwa taarifa. Katika filamu ubishi huo unasikika. Na baadaye, El Hadji mwenyewe anapokaribia kufukuzwa na wenziwe na kutaka kujitetea kwa Kiwolofu, anakatazwa, na mtazamaji anayekumbuka hasira yake kwa binti yake anapata kicheko kichungu ambacho kitabu, kwa kuandikwa kwa Kifaransa, hakikuwa na uwezo wa kukitoa. Hapa filamu imelitimiza lile ambalo riwaya ililitamani ikashindwa. Wahakiki wa Kenya walimsikiliza Ngũgĩ wa Thiong'o alipoacha Kiingereza na kuandika kwa Gĩkũyũ, wakamwandikia tasnifu zisizohesabika. Wachache walimsikiliza Sembène, ambaye tatizo lile lile alilijibu kwa kamera. Ngũgĩ mwenyewe hakukosa kuliona hilo: mwaka 1994 yeye na Manthia Diawara walitoa filamu ya kumbukumbu kuhusu Sembène na sinema ya Afrika.

Hata hivyo, kukikataa kigezo cha uaminifu si kuipa kila filamu cheti cha msamaha. Ipo kambi ya pili, changa na yenye kelele, inayoshikilia kwamba mwelekezi ni msanii huru na kwa hiyo hahojiwi: amebadilisha kwa sababu ameamua kubadilisha. Kambi hii hujiona kuwa ya kisasa. Kwa kweli ni pacha wa ile ya kwanza, kwani nayo inaukwepa usomaji. Ya kwanza huona badiliko ikalaani, ya pili huona badiliko ikapiga makofi, na hapana hata moja inayouliza badiliko hilo limefanya nini.

Tsotsi itaonyesha tofauti. Athol Fugard aliiandika riwaya hii karibu na mwaka 1960, ikachapishwa mwaka 1980. Mandhari yake ni Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg, wakati serikali ya ubaguzi wa rangi ilipokuwa ikikibomoa na kuwahamisha watu wake. Filamu ya Gavin Hood ilitoka mwaka 2005 na mwaka 2006 ikatunukiwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Hood alikihamisha kisa kutoka wakati wa ubaguzi hadi Johannesburg ya baada ya mwaka 1994. Mhakiki wa orodha ataanza kulia hapo hapo, na atakuwa amelia mapema mno, kwani kuhama kwa wakati peke yake hakuna dhambi. Katika riwaya mtoto mchanga anasukumizwa mikononi mwa jambazi na mwanamke usiku, akiwa ndani ya boksi la viatu. Katika filamu jambazi anaiba gari la mwanamke Mwafrika tajiri, kisha anamkuta mtoto katika kiti cha nyuma. Badiliko hili ni zuri na lina akili: linaonyesha kwamba ukuta uliokuwa ukitenga rangi sasa unatenga matabaka, na kwamba ukuta huo una lango la umeme.

Mambo yanaharibika kwingineko. Katika riwaya, utoto wa Tsotsi unavunjika polisi wanapovamia nyumba usiku kusaka vibali na kumchukua mama yake. Katika filamu mama ni mgonjwa kitandani na baba ni mlevi katili anayemzuia mtoto asimkaribie. Katika riwaya Tsotsi anakufa chini ya ukuta ulioangushwa na wabomoaji wa serikali, akikimbia kumwokoa mtoto aliyemficha ndani ya magofu. Katika filamu anamrudisha mtoto kwa wazazi wake, anasimama barabarani mikono juu, machozi yakimtoka, mbele ya polisi wanaomngoja. Mabadiliko haya mawili yakiwekwa pamoja yanazaa jambo moja: serikali imetolewa katika kosa. Aliyemfanya mtoto kuwa jambazi alikuwa ni sheria. Sasa ni maradhi na pombe ya baba. Aliyemuua alikuwa ni mbomoaji. Sasa polisi ni mashahidi wa toba yake. Kisa kilichokuwa mashtaka kimekuwa wongofu, na si ajabu kwamba kilipokewa kwa furaha kubwa huko ambako watu hupenda kumwona maskini akilia na kujisalimisha. Haya hayapatikani katika jedwali la safu mbili. Jedwali huandika kwamba mwisho umebadilishwa, na huishia pale ambapo kazi ya mhakiki inaanzia.

Kuhusu miisho, Kenya ina kisa chake kinachostahili kutafakariwa. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyoonyeshwa katika tamasha la Cannes mwaka 2018, ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi ni barua: msichana mmoja anamwandikia mwenziwe aliyepelekwa ng'ambo, na kila kitu kinapita katika sauti yake peke yake. Filamu imehamia Nairobi, barua imetoweka, na baba za wasichana wamekuwa wapinzani katika uchaguzi wa wadi. Bodi ya Kuainisha Filamu iliipiga marufuku mwezi wa Aprili mwaka huo. Septemba Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba. Kwa maelezo ya mwelekezi, Bodi ilikuwa imemtaka aubadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu maadili ya filamu hiyo, lakini jambo moja halikanushiki: Bodi iliusoma mwisho. Ilitambua kwamba dakika za mwisho za filamu ni hoja, na kwamba hoja hiyo ingekuwa nyingine kama picha ya mwisho ingekuwa nyingine. Ni fedheha kwa taaluma kwamba afisa wa udhibiti amesoma filamu kwa makini kuliko idara zilizoikuta ikizungumzwa mijini na kubaki zikijadili kama hadithi fupi inafaa kuitwa chanzo.

Nyuma ya kelele za uaminifu kuna swali ambalo halikuulizwa: ni nani huchagua kitabu kitakachofika kwenye skrini? Mwaka 1974 Meja Mwangi alichapisha Carcase for Hounds, riwaya ya vita vya Mau Mau yenye mwendo wa haraka, Jenerali Haraka na kundi lake wakiwindwa msituni na Kapteni Kingsley. Mwaka 1981 ilitolewa filamu iliyotokana nayo, Cry Freedom, na mwelekezi hakuwa Mkenya bali Ola Balogun wa Nigeria. Miaka sita baadaye Richard Attenborough alitoa filamu nyingine yenye jina hilo hilo, kuhusu Steve Biko, na leo jina Cry Freedom likitajwa darasani hapana anayeifikiria ile ya kwanza. Mwangi mwenyewe, aliyekwisha kuandika Going Down River Road, alifanya kazi kama msaidizi wa mwelekezi katika Out of Africa, filamu ya mwaka 1985 ya Sydney Pollack iliyotokana na kumbukumbu za Karen Blixen na kuzoa tuzo saba za Oscar. Mwandishi aliyeijua Nairobi ya wajenzi, walevi na vyumba vya kupanga alikuwa akisaidia kupiga picha Kenya ya shamba la kahawa la bibi wa Kidenishi. Itakuwa ni dhihaka kukaa na kuuliza kama Pollack alikuwa mwaminifu kwa Blixen.

The Constant Gardener ni mfano wa karibu zaidi. Riwaya ya John le Carré ilichapishwa mwaka 2001, filamu ya Fernando Meirelles ikafuata mwaka 2005, na sehemu zake zilipigwa Kibera na katika eneo la Ziwa Turkana. Ni filamu yenye ustadi. Tessa anapomwomba mumewe, Justin, ampe usafiri mvulana anayekwenda mwendo mrefu kwa miguu na kichanga, naye akakataa kwa hoja ya kiserikali kwamba wenye shida ni mamilioni, mtazamaji hapati mahali pa kujificha. Lakini Wanza, mwanamke ambaye dawa ya majaribio imemuua na ambaye bila ya kifo chake hakuna njama wala riwaya, hana simulizi lake katika kitabu. Katika filamu pia hana. Anakufa mara ya pili kwa uaminifu mkubwa. Wanaohesabu wataipa filamu hii alama nzuri, kwa kuwa kilichoachwa hakikuwa kikubwa. Ilhali kosa lake ni kwamba haikuacha vya kutosha, ikarithi pamoja na kisa upofu wa kisa. Kiswahili ndani yake ni sauti ya nyuma, kama kelele za ndege na magari.

Swali hilo la uteuzi linairudia idara kwa mlango mwingine. Kwa miongo kadhaa riwaya pendwa ya Kiswahili imewekwa uani. Katika mihadhara hugawanywa riwaya dhati na riwaya pendwa, ya kwanza ikasomwa, ya pili ikatajwa. Musiba, Mtobwa, Katalambulla na Hammie Rajab hupewa aya moja, kwa kawaida aya ya kulaumu ngono, bastola na uigaji wa James Bond. Ni kweli kwamba Willy Gamba wa Musiba ana damu ya Bond, kama Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla alivyo na damu ya Sherlock Holmes. Lakini uigaji huo ulikuwa ni elimu. Riwaya hizi zilijifunza kutoka sinema jinsi ya kuanza tukio likiwa katikati, kukata kabla ya jibu, kumwonyesha mtu kwa kiatu chake kabla ya uso wake. Ziliandikwa na watu walioketi katika majumba ya sinema, zikasomwa na watu walioketi humo humo. Kwa hiyo inaposemwa kwamba skrini ni mgeni anayeivamia riwaya ya Kiswahili, historia inapinduliwa. Skrini ilikuwa mwalimu wa sehemu moja kubwa ya riwaya hiyo. Mhakiki ambaye hakutaka kuzisoma hana msingi wa kumwambia mwelekezi ni ipi inafaa kupigwa picha, na kwa nini.

Ndiyo maana Vuta N'kuvute ilipofika kwenye skrini, idara nyingi zilikutwa hazina la kusema ila lile la zamani. Riwaya ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999, ikapendwa na wasomi na wasio wasomi kwa pamoja, jambo ambalo peke yake lilitosha kuutia shaka ule mgawanyo wa dhati na pendwa. Filamu ya Amil Shivji ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu ya kimataifa. Malalamiko yalikuwa yale yale: riwaya ina nafasi ya kusafiri hadi Mombasa na kurudi, ina marafiki, wazushi na makoplo, na filamu ya saa moja na nusu imelishika penzi la Denge na Yasmin ikayapunguza mengine.

Imepunguza, naam. Kilichopotea hasa si tukio fulani bali msimulizi. Shafi husimulia kama mtu wa barazani anayemjua kila mpita njia: ana kejeli, anachelewa makusudi, anamcheka Raza na kumhurumia katika sentensi moja. Kamera haina ulimi huo. Inaweza kumwonyesha mume mzee na mke mtoto, haiwezi kuwasengenya. Badala yake filamu ina kitu ambacho kitabu hakina, nacho ni matamshi. Waigizaji wanazungumza Kiswahili, miongoni mwao akiwamo mwimbaji wa Zanzibar Siti Amina, na Kiswahili hicho hakikuwekwa ili kutia ladha mazungumzo ya Kiingereza. Ndicho kinachotongozea, kinachotishia, kinachopangia njama dhidi ya Mwingereza. Baada ya Kibera ya Meirelles hilo si jambo dogo.

Yapo mashtaka ya haki yanayoweza kuelekezwa kwa filamu hii, na yanahitaji macho. Mpaka mkubwa katika riwaya ni ule wa Darajani. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa bila ya hiari yake, anaukimbia unyumba, anafungiwa mlango na jamaa zake, anavuka kutoka mjini kwenda Ng'ambo na kupokewa na Mwajuma katika nyumba ambayo wakubwa zake wasingethubutu kuikanyaga. Katika kuvuka huko anabadilisha tabaka, rangi ya majirani, chakula, na namna ya kucheka. Filamu imesifiwa sana kwa uzuri wa picha zake, kwa vivuli na kuta na mwanga wa Unguja. Uzuri huo una hatari, kwa sababu Mji Mkongwe umekwisha kupigwa picha na watalii hadi kila ukuta uliochakaa unaonekana kama umepangwa. Linalopaswa kuulizwa, picha kwa picha, ni kama nyumba ya Mwajuma inamulikwa kwa namna moja na nyumba ya Raza. Kama ufukara wa Ng'ambo umepewa uzito wake au umepewa urembo. Kama, Yasmin anapovuka, kamera inavuka naye na kuketi mkekani, au inabaki ng'ambo ya pili ikimtazama kwa mbali. Maswali haya yanataka mtu aitazame filamu mara tatu, mara moja akiwa ameizima sauti, kisha akirudie kitabu na kuona ni wapi Shafi mwenyewe alimwacha msomaji asimame mlangoni.